Askofu aliyeketi na mkana Mungu

Safu: Meza ya Vitabu
Na Anastazia Komba

Machi 2004, Rowan Williams, wakati huo Askofu Mkuu wa Canterbury, alipanda jukwaa la National Theatre jijini London akaketi ana kwa ana na Philip Pullman. Pullman ni mwandishi wa hadithi za watoto, na hajapata kuficha kwamba hamwamini Mungu. Miezi michache nyuma alikuwa ameliambia gazeti moja la Australia kuwa vitabu vyake vinahusu kumuua Mungu. Jumba hilohilo lilikuwa likionyesha tamthilia ya saa sita, yenye sehemu mbili, iliyotokana na vitabu hivyo. Askofu alikuwa amekwisha kuitazama, na gazetini alikuwa ameisifu. Jioni hiyo alikuja na maswali. Pullman akayajibu, akauliza ya kwake, na watu waliolipa kiingilio wakasikiliza wawili hao wakibishana kuhusu imani bila hata mmoja kumvunjia mwenzake heshima.

Miaka mitatu na ushee baadaye kitabu cha kwanza kikawa filamu, The Golden Compass, na safari hii mambo yakaenda kinyume kabisa. Mimi ni Mkatoliki, na jambo hili linaniuma mpaka leo: katika sakata lile, aliyeitetea imani vizuri kuliko wote hakuwa wa kwetu.

Kwa asiyevijua vitabu vyenyewe: Pullman, mjukuu wa kasisi wa Kianglikana, alitoa Northern Lights mwaka 1995. Marekani ndiko kilikopewa jina ambalo filamu ililichukua. Kikafuatiwa na The Subtle Knife mwaka 1997 na The Amber Spyglass mwaka 2000. Shujaa wake ni Lyra, msichana anayelelewa na wanazuoni katika chuo kimoja cha Oxford, ila hiyo ni Oxford ya ulimwengu mwingine. Huko roho ya mtu hukaa nje ya mwili wake, katika umbo la mnyama anayesema naye na kwenda naye kila aendako. Roho ya mtoto hugeuka-geuka, mara nondo, mara paka. Mtu akivunja ungo au kubalehe, hutulia katika umbo moja hadi kufa. Basi watoto wa maskini wanaanza kupotea. Wanapelekwa kaskazini kwenye barafu, mahali paitwapo Bolvangar, na huko watu wanaofanya kazi kwa baraka za Kanisa wanamkata mtoto kutoka kwa roho yake, wakiamini kwamba hivyo watamwepusha na dhambi ya asili. Chombo kinachotawala Kanisa hilo kinaitwa Magisterium, jina ambalo sisi Wakatoliki tunalitumia kwa mamlaka ya Kanisa ya kufundisha. Pullman alijua vizuri anamlenga nani.

Kuna sura moja ambayo huwa naisoma kwa shida. Lyra anamkuta mvulana mmoja, Tony, ambaye amekwisha kukatwa. Amejikunyata kwenye kibanda, amekumbatia samaki mkavu kifuani, kwa sababu wa kumkumbatia hana tena. Anakufa kabla jua halijachomoza. Kumbe mwanamume mmoja alimnyang'anya maiti yule samaki akawapa mbwa, na Lyra anapojua anawaka hasira mbele ya watu wazima wote. Kisha anachukua sarafu ya dhahabu, anaikwaruza kwa kisu jina la roho ya mvulana yule, na kuiweka kinywani mwake ili asizikwe peke yake.

Hapo mimi sioni tusi kwa Mungu. Naona uchungu juu ya wakubwa wanaomuumiza mtoto huku wakimtaja Mungu, na Mkatoliki wa zama zetu hana pa kusimama akasema uchungu huo hauna msingi. Mwaka 2002, miaka mitano kabla ya filamu, Boston Globe lilianza kufichua jinsi mapadre waliowanajisi watoto walivyokuwa wakihamishwa kutoka parokia moja hadi nyingine, na wakubwa wao wakijua. Wazazi walioambiwa mwaka 2007 kwamba hatari kwa watoto wao ni filamu yenye dubu anayesema walikuwa wameishi na habari hizo kwa miaka mitano.

Mwito wa kuisusia filamu ulitolewa Oktoba 2007, miezi miwili kabla haijaingia kwenye majumba ya sinema. Ulitoka kwa Catholic League, jumuiya ya Wakatoliki wa Marekani inayoongozwa na Bill Donohue, nayo ikachapisha kijitabu cha kueleza sababu zake. Sitaki kumwonea Donohue. Yeye mwenyewe alikiri kwamba filamu imelainishwa. Hofu yake ilikuwa kwamba mzazi ataitazama, hataona baya, kisha atamnunulia mtoto vitabu vyote vitatu kwa Krismasi bila kujua cha tatu kinaishia wapi. Hoja hiyo ina uzito. Mzazi ana haki ya kujua kilichomo katika kitabu kabla hakijafika mkononi mwa mwanawe, na mwandishi aliyekwisha kutangaza kwamba anamuua Mungu asishangae mzazi akiuliza.

Lakini mzazi aliyepewa kijitabu hicho alikuwa amepewa hukumu iliyokwisha kuandikwa. Onyo likasambaa kwa barua pepe, mtu akimtumia mwenzake, na wengi waliolituma hawakuwa wamefungua hata ukurasa mmoja wa Pullman. Huko Ontario, Kanada, bodi ya shule za Kikatoliki za Halton iliviondoa vitabu hivyo kwenye rafu za maktaba zake. Katika orodha ya Chama cha Maktaba cha Marekani ya vitabu vilivyolalamikiwa zaidi, The Golden Compass kilikuwa cha nne mwaka 2007, na mwaka uliofuata vitabu vyote vitatu kwa pamoja vikashika nafasi ya pili.

Kuna tukio moja lililonihuzunisha kuliko hayo yote, nalo halikutangazwa sana. Baraza la Maaskofu Katoliki la Marekani lilikuwa na ofisi ya kuhakiki filamu, yenye watu waliosomea kazi hiyo. Waliitazama The Golden Compass na kuandika uhakiki mtulivu. Waliyaona yaliyomo katika vitabu na hawakuyaficha, wakasema kwamba filamu yenyewe imeyapunguza makali, na wakawashauri wazazi wenye watoto wakubwa kidogo kwamba badala ya kupiga marufuku wanaweza kuitumia nafasi hiyo kuzungumza nao juu ya maswali magumu. Ulikuwa ushauri wa mchungaji. Malalamiko yakamiminika, na filamu ikiwa ndiyo kwanza imetoka, uhakiki ukaondolewa bila maelezo ya maana. Gazeti la Vatikani, L'Osservatore Romano, nalo likaandika kuishutumu filamu kuwa ni baridi na haina matumaini. Mkatoliki wa kawaida aliyetaka kusikia sauti ya Kanisa lake mwezi huo wa Desemba alibakiwa na sauti za kukataza tu.

Zilikuwapo nyingine, ila zilizimwa na kelele. Donna Freitas, mwanateolojia Mkatoliki wa Marekani, aliandika katika Boston Globe kwamba vitabu hivi vimejaa teolojia mwanzo hadi mwisho, na kwamba anayekufa katika kitabu cha tatu ni laghai aliyejitwalia kiti kisicho chake. Nami nimekisoma kitabu hicho cha tatu zaidi ya mara moja, nasema yuko sahihi. Huyo anayeitwa Mamlaka ni malaika mkongwe aliyewadanganya wengine kwamba yeye ndiye aliyewaumba. Lyra na rafiki yake Will wanamkuta amefungiwa ndani ya kioo, mnyonge, analia kama mtoto mchanga. Wanamfungulia kwa huruma. Upepo unampitia, anayeyuka, na usoni mwake kuna nafuu. Hakuna anayemchoma mkuki. Mkristo anayekiri Imani ya Nikea hawezi kumtambua Mungu wake katika kiumbe huyo.

Hilo ndilo Williams aliloliona mapema. Aliandika kwamba Kanisa la Pullman ni kanisa lisilo na Muumba wala ukombozi, na Kristo hayumo kabisa. Kisha akapiga hatua ambayo wengine hawakuthubutu: akauliza dini ya namna hiyo ingekuwaje. Watu wanaomwabudu mungu anayeweza kushindwa, akasema, watakuwa na wasiwasi siku zote, na wasiwasi huo utazaa ukatili, kwa kuwa lazima wao wamlinde yeye. Nikiusoma ufafanuzi huo nakumbuka si Bolvangar tu bali kila mahali ambapo waumini wamepiga, wamechoma au wamefungia kwa kuhofia kwamba Mungu ataumizwa na maneno ya mtu. Williams alitaka hata hadithi hizo zitumike katika masomo ya dini shuleni.

Wasomaji wa Kiswahili hatuhitaji kufundishwa kwamba nchi ya kubuni inaweza kutumika kuwashtaki watawala wa nchi ya kweli. Shaaban Robert alitupa Kusadikika mwaka 1951, nchi iliyo angani, na ndani yake kesi ya Karama, aliyeshtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria. Kinachonigusa kila mara katika kitabu kile ni kwamba Karama anapewa nafasi ya kusema. Siku baada ya siku anasimama mbele ya mfalme na baraza, anasimulia habari za wajumbe sita waliodhulumiwa, na mfalme anamsikiliza hadi mwisho ndipo anaamua. Pullman hakupata baraza kama hilo kwa Wakatoliki wa Marekani. Kwa Waanglikana wa Uingereza alilipata.

Waliotengeneza filamu nao wana lao la kujibu. New Line Cinema ilitumia dola zipatazo milioni 180, ikawa na Nicole Kidman na Daniel Craig, kisha ikaogopa hadithi iliyoinunua. Kanisa likafifishwa hadi Magisterium ikabaki kama serikali yoyote ya mabavu, na sura za mwisho za kitabu, zenye kifo cha rafiki wa Lyra, zikaachwa nje. Chama cha Uingereza cha wasioegemea dini kikalalamika kwamba hadithi imehasiwa. Waumini walioamua kususia hawakurudi nyuma hata hivyo. Marekani filamu ilikusanya dola milioni 70 hivi, nchi nyingine zote zaidi ya milioni 300, lakini haki za huko New Line ilikuwa imekwisha kuziuza. Sehemu ya pili na ya tatu hazikutengenezwa. Wapo waliosherehekea jambo hilo kama ushindi wa imani. Mimi naona hesabu mbaya za studio zilifanya kazi kubwa kuliko kijitabu cha Donohue. Na hata kama kijitabu ndicho kilichoizima filamu, sijui ni mtoto gani aliyemkaribia Mungu kwa sababu hiyo.

Mwaka 2019 BBC na HBO walianza kuonyesha hadithi nzima kwa tamthilia ya televisheni, wakaimaliza mwaka 2022, Kanisa likiwa Kanisa na malaika mkongwe akiwamo. Kelele za mwaka 2007 hazikurudi.

Narudi kwa Williams, kwa sababu jioni ile ya 2004 ilikuwa na matunda ambayo wengi hawayajui. Pullman aliulizwa mbona katika vitabu vyote vitatu, vyenye Kanisa na malaika na dhambi ya asili, Yesu hatajwi. Hakujitetea. Alikubali kwamba pengo hilo lipo na akasema huenda akalishughulikia siku moja. Mwaka 2010 akatoa The Good Man Jesus and the Scoundrel Christ, kitabu kinachomgawa Yesu Kristo kuwa ndugu pacha wawili, mmoja mhubiri, mwingine mwandishi anayepotosha habari zake. Mwenyewe ameeleza kwamba swali la Askofu lilichangia kukizaa. Na Williams, angali Askofu Mkuu, alikihakiki katika gazeti la Guardian.

Kitabu hicho mimi nakikataa katika jambo lake kubwa. Siamini kwamba ufufuko ulitungwa na ndugu mwenye kalamu, na nadhani Pullman hakuwatendea haki wanawake waliokwenda kaburini alfajiri. Lakini ndani yake kuna sala ndefu ya Gethsemane. Yesu wa Pullman anamlilia Mungu asiyejibu, na katikati ya kilio hicho anaomba kwamba ikiwa siku moja litakuwapo kanisa kwa jina lake, basi liwe maskini, lisiwe na mamlaka wala mali, na lisijue kulaani bali kusamehe. Kurasa hizo ni chache, zinasomeka kwa kikao kimoja. Ningependa vijana wanaojiandaa kwa kipaimara wazisome pamoja na padre wao, na padre awajibu mbele yao, huku Injili ikiwa wazi mezani, ni wapi mkana Mungu huyu amekosea na ni wapi hakukosea.