Goti la Nyota ni Mali ya Nani?

KUTOKA KAMBARAGE
Na Shija Maganga

Vijana wanaocheza kikapu Kahama na Shinyanga mjini wakimtaja Hasheem Thabeet, humtaja kwa urefu wake na kwa ile Juni ya 2009, Memphis Grizzlies walipomchukua akiwa chaguo la pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA. Ni haki yao, maana ndiye Mtanzania wa kwanza kucheza ligi ile. Lakini kuna jambo lilitokea kabla ya hapo, akiwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Connecticut, ambalo ningependa kila kiongozi wa klabu kanda hii alifahamu, awe anaongoza kikapu au soka.

Machi 2008 Connecticut waliingia mashindano ya taifa ya vyuo vya Marekani wakiwa wamepangwa nafasi ya nne katika kundi lao. Mechi ya kwanza walipewa San Diego, waliopangwa nafasi ya 13. Kipindi cha kwanza hakijaisha, A.J. Price, kijana aliyekuwa akipandisha mpira na kuipangia timu mashambulizi, akaumia goti. Kano ilikuwa imekatika. Thabeet akabaki katikati na urefu wake wote, lakini mtu wa kumfikishia mpira alikuwa ameshatolewa nje. Walifungwa 70-69 katika muda wa nyongeza wakarudi nyumbani.

Msimu uliofuata Price alikuwa amepona, na kufikia Februari 2009 Connecticut walikuwa namba moja nchini Marekani. Wakiwa hapo juu, Jerome Dyson, mmoja wa wafungaji wao wakubwa, akachanika gegedu la goti katika mechi dhidi ya Syracuse, na msimu wake ukaishia hapo. Ungedhani ya 2008 yanajirudia. Timu iliyumba kweli: ikafungwa na Pittsburgh siku chache baadaye, na Machi ikafungwa tena na Syracuse katika mechi iliyokwenda muda wa nyongeza mara sita na kuisha 127-117. Ila safari hii kocha Jim Calhoun alikuwa na kijana wa mwaka wa kwanza, Kemba Walker, ambaye tangu msimu unaanza alikuwa akiingizwa kutoka benchi na kuachiwa acheze, akikosea na kujifunza mbele ya watu. Nafasi ya Dyson ilipobaki wazi, Walker hakuwa mgeni. Katika mechi ya kuwania nusu fainali ya taifa, dhidi ya Missouri, alifunga pointi 23, na Connecticut wakafika nusu fainali kule Detroit, walikotolewa na Michigan State kwa 82-73.

Timu ni ile ile na jitu la kati ni lile lile, Mtanzania wetu. Mwaka mmoja jeraha la mtu mmoja liliimaliza timu jioni moja, mwaka wa pili timu iliendelea mpaka wiki ya mwisho ya mashindano. Bahati ilikuwepo, sikatai, lakini tofauti kubwa ilikuwa kazi iliyofanyika kabla ya goti kuumia.

Kikapu kinafundisha hili kwa ukali kuliko soka. Uwanjani wako watano tu. Nyota wa timu ya NBA hucheza kama dakika 36 kati ya 48, na muda wote huo wapinzani humtazama yeye kwanza. Mara nyingi wanamfuata wawili, na hapo ndipo mwenzake aliyesimama pembeni anapopata nafasi ya kutupa bila kubughudhiwa. Nyota akiumia, timu inapoteza pointi zake, kisha inapoteza na nafasi alizokuwa akiwafungulia wenzake. Yule wa pembeni tuliyekuwa tukimsifu kwa shabaha sasa ana mkono wa mtu usoni kila akiinua mpira. Asilimia zake zinashuka, na mashabiki wanaanza kusema amelewa sifa. Hajabadilika, ni kwamba mtu aliyekuwa akiwavuta mabeki wamwache hayupo tena.

Wachimbaji wa dhahabu wa Nyarugusu na Mgusu hawahitaji kuelezwa hili. Duara, yaani shimo la mgodi, halishikiliwi na timba (nguzo ya mbao) moja, na anayelichimba hivyo kila mtu pale juu anajua analolitafuta.

Timu nyingi zenye nyota, hata hivyo, huchimba hivyo hivyo. Chicago Bulls wa 2012 walimaliza msimu wakiwa wa kwanza ukanda wa Mashariki, na Derrick Rose, aliyekuwa mchezaji bora wa NBA mwaka uliotangulia akiwa na miaka 22 tu, alikuwa kila kitu kwao. Aprili 28, mechi ya kwanza ya mtoano dhidi ya Philadelphia, Bulls walikuwa mbele kwa pointi 12 na ilibaki dakika moja na sekunde chache. Rose alikuwa bado uwanjani. Akaruka, akatua vibaya, kano ya goti la kushoto ikakatika. Bulls walishinda mechi ile 103-91, kisha wakatolewa mechi nne kwa mbili na timu iliyokuwa imeingia mtoano ikiwa ya nane, ya mwisho kabisa. Kocha Tom Thibodeau ameulizwa mara nyingi kwa nini hakumpumzisha, na wapo wanaomtetea kwamba jeraha lingeweza kutokea dakika yoyote. Mimi simo kati yao. Pointi 12 na dakika moja ni wakati wa kumkalisha mtu wako.

Rose hakucheza msimu mzima uliofuata. Bulls, wakiwa na Luol Deng, mwana wa Sudan Kusini, na Joakim Noah, walishinda mechi 45 bila yeye na wakaitoa Brooklyn katika mtoano. Nawaheshimu sana watu wale. Rose mwenyewe alirudi 2013, akacheza mechi 10, goti la pili likachanika gegedu. Kipaji kile hakikurudi tena katika kimo chake.

Linaloniuma zaidi ni kurudishwa mapema. Juni 2019 Golden State Warriors walikuwa wanaelekea kupoteza fainali mbele ya Toronto. Kevin Durant alikuwa nje zaidi ya mwezi akiuguza misuli ya kigimbi. Kabla ya mechi ya tano akaruhusiwa kucheza. Alicheza dakika 12, akafunga pointi 11, kano ya kisigino ikakatika. Bob Myers, kiongozi wa masuala ya mpira wa timu ile, alikwenda mbele ya waandishi akilia, akasema kama kuna wa kulaumiwa alaumiwe yeye. Mechi moja baadaye Klay Thompson naye akakatika kano ya goti, na ubingwa ukaenda Toronto. Oktoba mwaka huo huo Stephen Curry akavunjika mkono, na Warriors, waliokuwa wamecheza fainali tano mfululizo, wakamaliza msimu wa 2019/20 wakiwa na ushindi mara 15 na vipigo 50.

Halafu Juni 2025 yakajirudia kwa Tyrese Haliburton wa Indiana. Misuli ya kigimbi ilimuuma tangu mechi ya tano ya fainali dhidi ya Oklahoma City. Akaendelea kucheza hadi mechi ya saba, akaanza vizuri kwa kufunga pointi tisa katika robo ya kwanza, kisha akaanguka akipiga sakafu kwa mkono. Kano ya kisigino. Indiana walipoteza 103-91, na msimu wote uliofuata hakucheza. Namwelewa kijana mwenyewe, maana mechi ya saba ya fainali mchezaji anaweza asiipate tena maishani. Ndiyo sababu uamuzi haupaswi kuwa wake peke yake. Mchezaji atasema yuko tayari, kila mchezaji husema hivyo. Lazima awepo mtu ambaye mshahara wake hautegemei matokeo ya jioni ile, mwenye mamlaka ya kusema hapana na akasikilizwa.

Wenzetu wale, pamoja na makosa yao, wamejenga kitu chini ya jeraha. Mkataba wa nyota wa NBA kwa kawaida umehakikishwa, kwa hiyo akiumia kazini analipwa. Timu nazo huwakatia bima wachezaji wao ghali, ili mtu akikosa mechi nyingi bima ibebe sehemu kubwa ya mshahara wake. Durant alikaa nje msimu mzima akiwa na timu mpya, Brooklyn, analipwa kila senti, akarudi akiwa bado Durant. Hakuna aliyemwambia mwezi wa tatu kwamba afadhali ajaribu hivyo hivyo kwa sababu kodi ya nyumba inadaiwa.

Sasa tuje huku. Msimu wa 2021/22 Geita Gold, timu ya Halmashauri ya Mji wa Geita, ilimaliza ya nne katika msimu wake wa kwanza Ligi Kuu, ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. George Mpole alifunga mabao 17 na kuwa mfungaji bora, mbele ya Fiston Mayele wa Yanga. Msimu uliofuata, katikati ya safari, Mpole akaenda FC Lupopo ya Lubumbashi. Hakuumia, alihama, na ilikuwa haki yake. Lakini kwa timu, pengo la mtu wa mabao 17 ni lile lile awe wodini au awe Lubumbashi. Mwisho wa msimu wa 2023/24 Geita Gold ilishuka daraja. Sisemi ilishuka kwa sababu ya mtu mmoja, maana misimu miwili ina mambo mengi. Nauliza tu: wakati Mpole anafunga, Kemba Walker wa Geita Gold alikuwa nani, na alikuwa anapewa dakika ngapi?

Swali hilo linawahusu pia Stand United walioshuka 2019 na Mwadui walioshuka 2021. Mkoa wetu wa Shinyanga umewahi kuwa na timu mbili za Ligi Kuu kwa wakati mmoja, na leo hauna hata moja.

Na hapo tumezungumzia timu zenye mikataba. Kwenye kikapu hali ni ngumu zaidi. Viwanja vyetu ni vya saruji, na saruji haimhurumii mtu anayeruka na kutua mara mia kwa jioni, tena kwa viatu vilivyokwisha soli. Kijana mwenye kipaji anachezea timu ya mtaa Jumamosi, Jumapili anaitwa kwenye bonanza, na kama anajua na soka basi anapandishwa gari kwenda ndondo ya kijiji jirani kwa ahadi ya elfu ishirini. Goti likivimba anakandwa kwa barafu na kupakwa dawa ya kuchua, anafungwa bandeji, anaambiwa akaze. Namjua mmoja, mrefu, mwenye mikono laini kuliko wote niliowaona kanda hii, aliyecheza hivyo mpaka goti likawa haliwezi kupanda ngazi. Hakuwahi kupigwa picha hata moja ya goti lile. Siku hizi anasukuma mkokoteni wa maji machimboni na hana hata miaka 30.

Jambo la kushangaza ni kwamba tunaishi katika ukanda unaoujua usalama kazini kuliko sehemu kubwa ya nchi hii. Mgeni haingii mgodi mkubwa bila kwanza kukalishwa afundishwe usalama, avae kofia ngumu na buti. Mfanyakazi akiteguka mguu, taarifa inaandikwa. Migodi hiyo hiyo imeweka fedha kwenye timu zetu kwa miaka, na jezi zimebeba majina yake. Nidhamu ya kuulinda mwili wa mfanyakazi haikuja pamoja na jezi.

Sheria tunayo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2008 na ukaanza kazi mwaka 2015. Anayechangia ni mwajiri, mfanyakazi hakatwi hata senti, na aliyeumia kazini anastahili matibabu na fidia. Mchezaji aliyesaini mkataba, anayelipwa mshahara na anayeamrishwa kufika mazoezini saa kumi na mbili asubuhi, kwangu mimi ni mfanyakazi kama dereva wa basi la timu. Sijaona sababu ya dereva kuchangiwa na mshambuliaji kuachwa.

Kwa hiyo, viongozi wa klabu za Shinyanga na Geita, kabla hamjatutambulisha wachezaji wapya wa msimu ujao kwa picha za kusaini, tuonyesheni vitu viwili. Cha kwanza ni stakabadhi ya michango ya WCF yenye majina ya wachezaji wote, siyo ya wafanyakazi wa ofisini tu. Cha pili ni jina la daktari wa timu na kifungu cha mkataba wake kinachosema kocha, mwenyekiti wala mfadhili hawezi kumrudisha uwanjani mchezaji ambaye yeye hajamruhusu. Kwa timu za kikapu ambazo hazina mishahara, chama cha mkoa kianze na bima ya afya kwa kila mchezaji anayesajiliwa, na kikatae usajili wa timu isiyokuwa nayo. Gharama yake isiwe kisingizio, maana fedha za jezi huwa hatukosi.