MUHOGO WA AMANI NI JASHO LA NANI?

Wako watu katika nchi zetu hizi za Afrika ya Mashariki ambao, kila wasimamapo mbele ya wakulima, hawana neno ila moja: kwamba mbegu zetu ni takataka, mazoea yetu ni ujinga, na kwamba mkulima mdogo hatapata kushiba mpaka atupe alichoachiwa na wazee wake akanunue cha dukani. Maneno haya si mapya. Tuliyasikia wakati wa mkoloni, na leo twayasikia kwa ndimi zetu wenyewe. Sisi twataka kuyajibu. Wala hatutayajibu kwa hasira. Tutayajibu kwa elimu ile ile ambayo wasemaji hao wanajivunia. Tutachukua mmea mmoja tu, muhogo, tuwaulize nani aliyeuokoa.

Muhogo ulikuja kwetu kutoka Amerika ya Kusini, ukapokewa, ukawa ndugu. Mwaka 1894 Mjerumani Warburg aliandika habari za ugonjwa uliokuwa ukikunja majani yake katika nchi hii, ndio tuuitao leo batobato. Mwaka 1902 Wajerumani wakajenga kituo cha utafiti huko Amani, katika milima ya Usambara. Hakikujengwa kwa ajili ya mnyonge: kilikuwa cha kahawa, mpira na mikwinini, mali ya kujaza meli. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza Waingereza wakakirithi, na mwaka 1936 H. H. Storey, mtaalamu wa hapo, akaandika habari za ugonjwa wa pili, michirizi ya kahawia. Huyu ni adui mnafiki. Majani yaweza kuonekana mazima kiasi cha kumfariji mwenye shamba. Walakini siku ya kuchimba yeye hukuta mizizi imeoza kwa ndani, hailiki wala haiuziki.

Katika miaka hiyo ya 1930 Storey na mwenzake R. F. W. Nichols walianza kuuchanganya muhogo na ndugu yake, mpira wa Ceara, mti wa asili ya Brazili ambao Wajerumani waliupanda hapa kwa kugema utomvu. Mti huo hauna mizizi ya kumlisha mtu, lakini unayastahimili magonjwa. Basi watoto wao wakazalishwa tena na muhogo, mara ya pili na ya tatu, ili mizizi irudi na ustahimilivu ubaki. D. L. Jennings akaipokea kazi hiyo katika miaka ya 1950, na mwaka 1957 ikafungwa. Hayo ndiyo majina yanayotajwa. Waliolima vitalu vile, wakapanda, wakapalilia na kuchimba, majina yao hayatajwi.

Kazi ile ilikuwa njema, na sisi hatuoni haya kuisifu, kwa kuwa elimu haina kabila. Sikilizeni ilikofika. Kabla ya kufungwa, mbegu za Amani zilikuwa zimekwisha pelekwa Nigeria. Huko ukapatikana mmea uliopewa namba 58308, na kituo cha kimataifa cha kilimo cha Ibadan, kilichoanzishwa mwaka 1967, kikautumia kuzalisha mihogo yenye kustahimili batobato. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1980, batobato kali ikaivamia Uganda. Mashamba yakateketea wilaya baada ya wilaya, watu wakaona njaa, na mwisho wa miaka ya 1990 ugonjwa ukaingia hata mikoa yetu ya Ziwa. Silaha waliyoshika Waganda ilikuwa mihogo iliyotoka Ibadan, wakaiita Nase. Damu ya Usambara ikazunguka Afrika nzima, ikarudi kuokoa jirani.

Lakini hapa nyumbani, baada ya mabwana kufunga vitabu vyao mwaka 1957, muhogo wa Amani uliokaa mashambani ulitunzwa na nani? Hapakuwa na mshahara, hapakuwa na ghala la baridi, wala hapakuwa na karani wa kuandika. Muhogo hauhifadhiwi katika mfuko. Usipopandwa pingili yake, umekufa. Maana yake ni kwamba kila msimu, kwa miaka zaidi ya arobaini, palikuwa na mkulima, na aghalabu alikuwa mwanamke, aliyeangalia shina hili na lile, akasema: hili ndilo, lile hapana; akakata pingili, akampa dada yake, naye akampa jirani. Kusini mwa Tanzania muhogo mmoja wa namna hiyo ukaitwa Namikonga. Pwani ya Kenya muhogo mwingine ukaitwa Kaleso.

Katika miaka ya 2000 michirizi ya kahawia iliamka upya. Mwaka 2004 ilionekana Uganda, mahali pa juu ambapo hapo nyuma haikudhaniwa kustawi, na mihogo mingi iliyoishinda batobato ikaanguka mbele yake. Wataalamu wakaanza kutafuta mkingizi. Wakampata wapi? Shambani kwa mkulima! Namikonga huambukizwa kwa shida. Hata ukiambukizwa, virusi havizidi sana ndani yake, na mizizi yake kwa kawaida husalimika. Walipopima vinasaba, yaani ile hati ya urithi iliyomo ndani ya kila chembe hai, wakakuta kwamba Namikonga na Kaleso ni mmea mmoja, ule ule wa Amani ulioandikwa zamani kwa namba 46106/27. Namba ilibaki katika makabati, na mmea wenyewe ukabaki mikononi mwa wakulima.

Mwaka 2016 kundi la watafiti lilitangaza katika jarida la Nature Biotechnology usomaji wa vinasaba vya mihogo mingi pamoja na ndugu zake wa porini. Waliviona waziwazi vipande vya mpira wa Ceara vimekaa ndani ya mihogo ya Afrika, alama ya kazi ya Amani iliyobebwa na wakulima kizazi hata kizazi. Mwaka 2017 utafiti mwingine ukatangazwa, ambamo Namikonga ulizalishwa na muhogo uitwao Albert ili kutafuta mahali hasa ulipojificha ustahimilivu huo. Na watafiti hao, katika kichwa cha maandishi yao, waliiitaje mihogo hiyo miwili? Hawakuiita takataka. Waliiita mbegu za wakulima wa Tanzania.

Wala si Namikonga peke yake. Ustahimilivu mwingine mkubwa wa batobato, ambao wataalamu wanauita CMD2 na ambao mwaka 2022 kiini chake kilitambuliwa katika jeni moja, ulitoka katika mihogo iliyookotwa mashambani kwa wakulima wa Afrika ya Magharibi. Hata muhogo uliobadilishwa jeni katika maabara ili kuishinda michirizi ya kahawia, ule ambao mamlaka ya usalama wa viumbe ya Kenya iliupa kibali mwezi wa Juni 2021, ulitengenezwa juu ya muhogo uitwao TME 204. Na TME ni alama iliyowekewa mihogo iliyokusanywa kwa wakulima. Maabara ilitia kipande kimoja, na mmea wote uliobaki ulitoka shambani.

Basi twauliza: mjinga ni nani hapa? Elimu yenyewe imetoa ushahidi. Mtaalamu na mkulima wamefanya kazi moja kwa zamu. Mmoja alichanganya, mwingine akachagua na kutunza. Kisha mtaalamu akarudi kuomba alichotunziwa. Lakini wakati wa kugawana heshima na haki, mmoja anapewa hati na mwingine anapewa onyo. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Huyu wetu amechuma juani, na kivulini amekaa mtu mwingine.

Tazameni sheria. Mwaka 2012 Tanzania ilitunga Sheria ya Haki za Wagunduzi wa Mbegu za Mimea, na mwaka 2015 ikajiunga na mkataba wa UPOV wa 1991, ikiwa ya kwanza kufanya hivyo miongoni mwa nchi zinazohesabiwa kuwa maskini kabisa. Mkataba huo unampa mwenye hati miaka isiyopungua ishirini ya kuwazuia wengine wasizidishe na kuuza mbegu yake. Nayo hati haitolewi ila kwa mbegu iliyo mpya, iliyo tofauti, iliyo sawasawa na isiyogeuka. Mbegu ya mkulima si mpya, kwa kuwa ni ya wazee. Wala si sawasawa, kwa kuwa shamba lake lina mchanganyiko, na huo mchanganyiko ndio ngao yake. Hivyo aliyetunza hana hati, na anayekuja kuzalisha mtoto kutoka kwa kilichotunzwa anaweza kuipata. Hatusemi kwamba Namikonga umekwisha andikiwa jina la mtu. Twasema kwamba mlango umeachwa wazi, na mwenye nyumba hakuulizwa.

Wakati wa Mwingereza watu wetu walilazimishwa kwa amri kupanda muhogo uwe akiba ya njaa, na asiyepanda alikuwa na kesi. Leo Sheria ya Mbegu ya 2003 inamkataza mkulima kuuza mbegu isiyothibitishwa. Jana tulikuwa wakosaji kwa kutopanda. Leo tu wakosaji kwa kumuuzia jirani apande!

Wenzetu wa Kenya walionja uchungu zaidi. Huko, sheria iliyorekebishwa mwaka 2012 iliweka kifungo cha hadi miaka miwili, au faini ya hadi shilingi milioni moja, kwa kuuza au kubadilishana mbegu zisizoandikishwa. Wakulima wadogo hawakulia pembeni. Mwaka 2022 walikwenda mahakamani, na mwezi wa Novemba 2025 Mahakama Kuu ikawapa haki yao, ikatamka kwamba vifungu hivyo vinapingana na katiba. Twawapongeza ndugu hao. Wamewaonyesha wanyonge wote kwamba sheria iliandikwa na watu, na watu waweza kuifuta.

Watatujibu: pingili zikipita ovyo kijiji hata kijiji, ugonjwa nao unapita. Hilo ni kweli, na sisi hatulifichi. Inzi weupe hawaibebi mbali michirizi ya kahawia. Wanaoibeba mbali ni watu, kwa pingili zenye virusi. Lakini dawa yake ni nini? Je, ni kumtia mkulima hofu? Mwenye hofu hataacha kupanda; atapanda usiku, na ugonjwa utasafiri naye gizani. Dawa ni kumfundisha ajue shina gonjwa, na kumletea mkaguzi hapo kijijini. Nchi hii tayari inao utaratibu wa mbegu za kuazimiwa ubora, ambao kwa huo mkulima hukaguliwa shamba lake na kuruhusiwa kuuza karibu na kwake. Basi upanuliwe! Twataka Bwana Shamba aje, askari abaki kituoni.

Na hapa tuseme pia neno lisilopendeza masikioni mwetu wenyewe. Mwaka 2003 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Maputo, wakaahidi kutoa asilimia 10 ya fedha za serikali zao kwa kilimo. Nchi nyingi mpaka leo hazijatimiza ahadi hiyo. Sehemu kubwa ya utafiti wa muhogo katika Afrika inaendeshwa kwa fedha za wafadhili wa Marekani na Uingereza. Wataalamu wetu ni hodari, wanafanya kazi njema, nasi hatuwalaumu. Lakini siku mfadhili akichoka, kazi itafungwa kama ilivyofungwa mwaka 1957. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kudai haki ya mbegu huku tunamwachia mgeni kulipia maabara ni kufunga mlango na kuacha dirisha wazi.

Kwa hiyo twadai mambo manne. Kwanza, haki ya mkulima kutunza, kutumia, kubadilishana na kuuza mbegu ya shamba lake iandikwe katika sheria za nchi. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 2001 juu ya rasilimali za mimea ya chakula unaitaja haki hiyo, na Kenya na Tanzania zote zimeukubali. Kinachobaki ni kuupa nguvu nyumbani. Pili, kila mbegu itakayozalishwa kutoka kwa mbegu ya wakulima itangazwe asili yake kwa jina, na wakulima wa mahali ilipotoka wasije wakatozwa hata senti kuipanda. Tatu, vituo vyetu vya utafiti vipewe fedha za wananchi, ili viwajibike kwa wananchi. Nne, wakaguzi wa mbegu wafike vijijini.

Na kwenu wanachama, kazi hii haingoji Bunge. Kila tawi liite mkutano, liwaulize wazee na akina mama: mihogo gani inapandwa hapa, inaitwaje, ilitoka kwa nani, na upi umesimama ugonjwa ulipopita? Andikeni katika daftari. Usiache mbachao kwa msala upitao. Siku mtaalamu atakapokuja kuutafuta Namikonga wa kesho, akute jina la mtunzaji limekwisha andikwa, na kijiji kinajua thamani ya kitu kinachoombwa.

Ardhi tuliidai, tukaipata. Mbegu ni nusu ya ardhi. Nayo tutaidai.

UHURU NA MBEGU!