Ada Ingoje Mavuno

Januari kwa watu wa Msowero, wilayani Kilosa, ni mwezi wa jembe. Mkulima analipia trekta, ananunua mbegu, anatafuta vibarua wa palizi, na wakati huohuo chakula alichoweka kinaelekea ukingoni. Mahindi na mpunga wake atavivuna kuanzia Juni. Basi ni katika mwezi huohuo wa Januari shule binafsi zinapofungua mwaka na kudai awamu ya kwanza ya ada, pamoja na sare, godoro, ndoo, rimu ya karatasi na nauli ya kumfikisha mtoto bwenini. Mzazi anadaiwa fedha nyingi kuliko wakati wowote, katika mwezi ambao hana kitu.

Yanayofuata tunayajua. Mmoja anauza mpunga ungali kijani shambani, kwa bei aitakayo mlanguzi. Mwingine anakwenda kwenye mikopo ile ya riba kali ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu, akakopa mwanzo wa mwaka na kuvuna Julai kwa ajili ya mkopeshaji. Awamu ya pili inamkuta mikono mitupu, anauza ekari. Na hapo nasema mwaka wa mvua njema. Wilaya yetu ya Kilosa imeona mengine: mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 Mto Mkondoa ulifurika, ukazoa nyumba na mashamba na kuharibu reli ya kati. Mwaka kama huo mzazi ataitoa wapi ada?

Wapo watakaonijibu upesi: ampeleke shule ya serikali, elimu ni bure. Ni kweli, tangu Januari 2016 ada imeondolewa hadi kidato cha nne, na kuanzia mwaka wa fedha 2022/23 kidato cha tano na cha sita navyo vikafuata. Ni jambo kubwa, na watoto wengi maskini wameingia darasani kwa sababu yake. Lakini tusimkebehi mzazi aliyechagua vingine. Kiwango cha ruzuku ya uendeshaji kilichozoeleka ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na 25,000 kwa wa sekondari. Pigeni hesabu wenyewe mwone inanunua chaki na vitabu vingapi. Mama anayeona darasa limefurika, na anayejua kwamba mwanawe aliyefundishwa kwa Kiswahili miaka yote ya msingi atakutana na Kiingereza ghafla kidato cha kwanza, akiamua kujinyima ili ampeleke kwingine, huyo hana majivuno. Ana hofu ya mzazi, nayo ni hofu ya haki.

Hata hivyo, wazazi wenzangu, nanyi pia nina neno kwenu. Wako wanaochagua shule kwa sababu jirani kapeleka wa kwake huko, bila kukaa chini na kuhesabu magunia. Wako wanaolipa awamu moja kisha wanaizima simu, mhasibu wa shule akipiga hapokelewi, hadi mtoto arudishwe. Deni halina aibu likisemwa mapema. Aibu ni kumwacha mtoto wa miaka kumi na mbili alijibie yeye getini.

Maana anayeadhibiwa ni yeye. Baba hakulipa, mtoto anatolewa kwenye mstari mbele ya wenzake, anapewa barua, anarudi nyumbani wiki ya mitihani. Akirejea baada ya majuma matatu, wenzake wako mbali. Shule imedai ada ya kumfundisha, kisha imemkosesha hayohayo mafundisho. Ninalipinga jambo hili kwa moyo wangu wote, na ninawaomba wenye shule waliache.

Simaanishi kwamba shule iendeshwe kwa hewa. Ukiona vyaelea, vimeundwa: mwalimu ana mshahara wake, mpishi ana wake, na mafuta yakipanda bei gari la shule halipungui kiu. Tukumbuke pia yaliyowapata jirani zetu wa Uganda, ambako shule zilifungwa kwa ajili ya korona Machi 2020 na zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022. Shule binafsi nyingi hazikufufuka tena. Hapa kwetu zilifungwa Machi 17, 2020, na wanafunzi wa madarasa mengi wakarudi Juni 29, lakini muda huo mfupi ulitosha kuonyesha kwamba mzazi akikauka, shule nayo inakauka. Kwa hiyo kumvumilia mzazi si sadaka. Ni kuilinda shule yenyewe.

Ninachotaka ni kitu kimoja: ada ya mtoto wa mkulima ifuate kalenda ya shamba. Januari alipe kidogo cha kufungulia mlango, sehemu kubwa ailipe kati ya Julai na Oktoba, mazao yakiwa yameuzwa kwa bei yake. Tena shule ya bweni inakula ugali, wali na maharage mwaka mzima, na vyote inavinunua. Kwa nini isipokee magunia ya mzazi wa Msowero, yapimwe kwa mizani na si kwa lumbesa, kwa bei ya soko ya siku hiyo, akapewa stakabadhi? Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walichangia elimu ya watoto wao kutokana na zao lao kupitia ushirika wao wa KNCU, ulioanzishwa 1933. Na sisi tuna AMCOS zetu, vyama vya ushirika wa mazao. Zinaweza kusimama katikati, zikaipa shule dhamana na zikamkinga mzazi na mlanguzi.

Ofisi ya elimu ya wilaya nayo isingoje malalamiko. Iwaite wenye shule na wawakilishi wa wazazi wakae meza moja. Na kila shule inayopokea watoto wa wakulima iitishe mkutano kabla ya kufunga Desemba, ratiba ya malipo iandikwe na kutiwa saini na pande zote mbili. Januari ikifika, asirudishwe nyumbani hata mtoto mmoja ambaye mzazi wake ametia saini.