Sukari kwenye chupa ya mvinyo wa ndizi: weka kijiko chini, shika bomba la sindano

Ndugu mkulima, na wewe mama unayeuza gulioni, leo tuzungumzie ile sukari mnayotia kwenye chupa za mvinyo wa ndizi ili zitoe povu. Msimamo wangu ni huu: kijiko hakifai kwa kazi hii. Kinapasua chupa, na chupa ikipasuka inaweza kuondoka na jicho la mtu.

Mvinyo uliokwisha kuchachuka bado una hamira hai, hata kama umetulia na kung'aa. Ukitia sukari kidogo na kufunga kizibo, hamira inaila na kutoa gesi, ile ile iliyomo kwenye soda. Gesi haina pa kutokea, kwa hiyo inabaki ndani ya kinywaji. Gramu 1 ya sukari hutoa karibu nusu gramu ya gesi. Kwa chupa ya mililita 500, gramu 3 zinatosha kukupa povu kama la bia ya dukani. Sasa pima kijiko cha chai: kikisawazishwa kina kama gramu 4, kikijazwa kilima kinafika 7. Kreti ni moja, lakini chupa hii imepewa sukari karibu mara mbili ya jirani yake. Unashangaa nini moja ikiwa maji matupu na nyingine ikiruka dari?

Tumia bomba la sindano la mililita 10, lile la duka la dawa za mifugo, jipya, bila sindano yake. (Lililochanjia ng'ombe liache huko huko zizini.) Chukua gramu 300 za sukari, chemsha na maji kidogo, kisha ongeza maji yaliyochemshwa mpaka shira yote ifike lita 1. Ipoe kabisa. Kila mililita 10 ina gramu 3. Bomba moja, chupa moja. Lita hiyo inatosha chupa 100. Ukiwa na ndoo moja tu ya lita 20, tengeneza nusu lita. Shira ina faida nyingine: punje kavu za sukari zikitumbukia kwenye mvinyo wenye gesi kidogo, unafura na kumwagika mezani.

Wapo watakaokuambia changanya shira yote kwenye ndoo mara moja, halafu jaza chupa. Ni njia nzuri kama unajaza ndoo nzima siku hiyo hiyo. Wengi wenu hamfanyi hivyo. Mnajaza chupa 12 leo kwa ajili ya sherehe, nyingine wiki ijayo kwa ajili ya gulio. Ndiyo maana napendekeza chupa moja moja.

Lakini vipimo vyote hivi ni bure kama mvinyo haujamaliza kuchachuka. Asiye na haidromita afanye hivi: jaza chupa ya plastiki ya soda kwa mvinyo usiotiwa kitu, ibonyeze hewa itoke, funga, iweke mahali pa joto siku 3. Ikikakamaa, subiri. Kwa sababu hiyo hiyo, mbege na rubisi msifunge kwenye chupa za kioo. Hizo ni pombe zinazonywewa zikiwa bado zinachemka, na soko lake lipo.

Hapa ndipo ninapogombana na wafanyabiashara. Wanasema wateja wanapenda utamu, kwa hiyo wanaongeza sukari. Utamu huo haudumu! Ndani ya chupa yenye hamira hai, sukari haibaki sukari, inageuka gesi na kileo kidogo. Mteja anakuta ukali, na wewe unakuta vigae. Huwezi kuuza utamu wa sukari na gesi ndani ya chupa hiyo moja. Anayetaka tamu, mtilie shira kwenye glasi. Au uza mvinyo mtamu usio na gesi, uliopashwa moto kuua hamira, na uuite hivyo.

Chupa nazo zichague. Tumia zile nzito za bia zinazorudishwa, zisizo na ufa wala mdomo uliomeguka. Chupa bapa za pombe kali, za asali na za sosi hazikutengenezwa kubeba msukumo wa gesi. Acha nafasi ya vidole viwili shingoni. Panga kwenye kreti, funika kwa gunia, weka mbali na watoto na jua.

Usisahau kwamba ukianza kufunga kwenye chupa na kuuza, TBS na TRA wanakuhusu. Nenda ofisi ya SIDO ya mkoa wako uulize kabla hujanunua vizibo vya mwaka mzima.

Kila unapojaza, chupa moja iwe ya plastiki, yenye shira ile ile kwa kipimo chake. Hiyo ndiyo shahidi wako. Ibonyeze kila asubuhi. Kwenye joto inaweza kukakamaa ndani ya wiki, kwenye baridi ya milimani wiki mbili. Ikiwa ngumu kama soda mpya, hamishia zote mahali pa baridi, siku inayofuata fungua moja juu ya beseni, mimina taratibu ukiacha mashapo chini, onja.