Chombo Hakipimi Moyo

Kamina yetu ni mji wa reli. Njia za Lubumbashi, Ilebo na Kalemie zakutana hapa, na wengi wetu tumelishwa kwa nguvu za mikono. Basi mfanyakazi akiumia mkono na kudai fidia, daktari aweza kumpa chombo akibane, ajue kama ajitahidi kweli au ajisingizia.

Mwaka 1983 daktari Stokes wa Marekani alifundisha hivi: mtu akibane chombo kwa mapana matano. Anayejitahidi huwa na nguvu zaidi katikati. Nguvu zikiwa sawasawa pote, ashukiwe. Lakini wataalamu waliofuata wameonyesha kwamba mkono dhaifu kweli waweza kutoa alama zile zile. Tena maumivu na hofu humzuia mtu kubana.

Hatuwatetei wavivu. Anayedanganya ili apate fidia ni mwizi, na amri ya saba yamhukumu. Lakini je, amri ya nane? Yamhukumu vilevile anayemwita mwenzake mwongo kwa ushahidi wa chuma peke yake. Chombo hupima kilo, hakipimi moyo. Daktari na autazame mkono wenyewe, amsikilize mgonjwa, ampime tena siku nyingine. Ajuaye moyo ni Mungu.