Kabla ya «mlinganyo», tukubaliane juu ya alama ya =

Orodha za istilahi za hesabu tunazotayarisha katika mazoezi yetu ya terminolojia zinaanza karibu zote na majina makubwa: aljebra, mlinganyo, kipeo, kipeuo. Mengi yametoka Tanzania, ambako shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili tangu 1967, na sioni haya yoyote kuyaazima. Kipeo na kipeuo peke yake ni somo zuri la mofolojia: ile -u- ya kipeuo inarudisha tendo nyuma, kama vile funga inavyogeuka fungua. Lakini mtoto wa mwaka wa saba haangushwi na kipeuo. Anaangushwa mapema, na alama ambayo hakuna anayeiweka katika orodha.

Tusikilize inavyosomwa hapa Lubumbashi. Kitabu ni cha Kifaransa, maelezo mara nyingi ni ya Kiswahili chetu: «tatu na tano inafanya munane». Hiyo «inafanya» tumeitoa kwa «ça fait», na sokoni haina kosa. Ila ni neno la njia moja: kushoto kuna kazi, kulia kuna jibu. Sasa andika ubaoni 8 = 3 + x na uisome kwa sauti. Munane inafanya nini? Munane haifanyi kitu. Nikiwasaidia watoto wa jirani masomo ya jioni, nimewapa 8 + 4 = x + 5, na wengi wao wamejibu kwamba x ni 12. Mwalimu atasema hawajui kujumlisha. Wanajua sana. Wamefuata neno: baada ya «inafanya» kunakuja jibu, na jibu la 8 + 4 ni 12. Hiyo + 5 wanaiacha ining'inie pale.

Wenzangu wengine wanapendekeza «sawa». Katika vitabu vya Dar es Salaam «sawa na» inafanya kazi vizuri, lakini kwetu «sawa» imekwisha kushika kazi nyingine. Tukisema mtu «anasemaka sawa mukubwa», maana yake anasema kama mkubwa, si kwamba yeye ni mkubwa. Kwa sikio la mtoto wa Kenya au Katuba, «x ni sawa 7» inaweza kuwa x inafanana na 7, iko karibu na 7. Katika aljebra, karibu haitoshi.

Robert Recorde, aliyeichapisha alama hii mara ya kwanza mwaka 1557, alichora mistari miwili sambamba kwa sababu, kwa maoni yake, hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana zaidi. Neno tunalohitaji ni hilohilo: lingana. Sisi wa lugha za Kiafrika tunapaswa kuona faida yake haraka kuliko wana hesabu. Ndani yake kuna -an-, kiambishi cha kutendeana, kama pendana na saidiana. A ikilingana na B, B inalingana na A. Sarufi yenyewe inakataza njia moja. (Najua, fanana nayo inaishia na -an-. Kiambishi kinatupa pande mbili tu. Ukamilifu wa usawa unabaki kazi ya mwalimu na mizani yake.) Mtoto akilishika hilo, «mlinganyo» inakuja yenyewe, bila kukaririshwa.

Tena inatuondolea ule uchawi wa «ipitishe ngambo ingine, ubadilishe alama». Nimenunua meka tatu za unga na mafuta ya Fc 5.000, nimelipa yote Fc 17.000: 3x + 5.000 = 17.000. Hakuna kinachovuka ngambo. Pande mbili zinalingana, ninapunguza 5.000 huku na huku, bado zinalingana. 3x inalingana na 12.000, meka moja ni Fc 4.000.

Nitaambiwa kwamba mitihani ya taifa ni ya Kifaransa. Ni kweli, na «égale» iandikwe pembeni ya «inalingana na» tangu siku ya kwanza. Lakini sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inazitaja lugha za taifa kuwa chombo cha kufundishia, si cha kutafsiria tu mwalimu anapochoka. Na hata mtihani wa Kifaransa hausaidii chochote kwa mtoto anayesoma «égale» huku kichwani anasikia «inafanya».

Kwa hiyo naomba orodha yetu ibadilishwe mpangilio. Ukurasa wa kwanza uwe na alama tano: +, −, ×, ÷ na =, kila moja na jinsi inavyosomwa kwa sentensi nzima, kuanzia kushoto na kuanzia kulia. «Aljebra» inaweza kungoja hadi ukurasa wa tatu.