Kabla ya Kuuza Maksai, Muulize Wakala Anajua Kazi Gani

Mvua za kwanza za msimu uliopita zilipoanguka nilipita kwa mzee mmoja katika kata yangu, hapa Igunga, kuona kama ameanza kupanda. Nikamkuta yeye, mkewe na watoto wawili wanalima kwa jembe la mkono. Mzee huyu nilimzoea na maksai wake wawili na plau. Nilipouliza wako wapi akacheka, lakini si kicheko cha furaha. "Bwana shamba, maksai wameenda kutafuta kazi ya bomba."

Maana yake nilielewa baadaye. Kijana wake ni fundi wa kuchomelea. Alijifunza kwenye karakana ya pale senta, miaka mitatu chini ya fundi mkubwa, na kwa milango, madirisha na mikokoteni hana mpinzani hapa kwetu. Mtu mmoja mwenye ofisi mjini, anayejiita wakala wa ajira, aliwaambia nafasi zipo kwenye bomba la mafuta, ila kuna gharama: usajili, vipimo vya afya, ovaroli na buti, na "kushika nafasi". Jumla shilingi 1,600,000. Maksai wakauzwa. Miezi minne baadaye ofisi imefungwa, simu haipatikani, na mzee aliyezoea kulima ekari sita amepanda mbili.

Kwenye kahawa watu walisema kijana katapeliwa, bahati mbaya, yameisha. Mimi nasema hata kama yule wakala angekuwa mwaminifu kama malaika, pesa ile isingempa kijana kazi ile. Hakuna aliyemuuliza anajua kuchomelea nini.

Naomba nikae hapo kidogo, maana ndipo penye somo. Bomba la mafuta ghafi linaloanzia Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na kiasi cha kilomita 1,147 ziko ndani ya nchi yetu. Linapita Nzega, Igunga, Iramba na kuendelea. Pale Sojo, Nzega, ndipo pana kiwanda cha kuyavisha mabomba yale kabla ya kwenda kulazwa. Kwa hiyo si uongo kwamba kazi imefika mlangoni petu. Lakini bomba la inchi 24 litakalopitisha mafuta ya moto kwa miaka mingi haliungwi kama unavyounga grili ya dirisha. Mchomeleaji wa mabomba hupimwa kwanza. Mojawapo ya majaribio yanayojulikana duniani kote ni hili: kipande cha bomba kinafungwa kikiwa kimeinama nyuzi 45, hakizunguki, wewe ndiye unayekizunguka. Unachomelea juu, ubavuni na chini, tena chini unachoma ukiwa umetazama juu. Kisha ungio linapigwa picha kama ile ya mifupa hospitalini, au linakatwa na kukunjwa waone kama litapasuka. Kovu dogo la ndani likionekana, umeanguka. Na katika miradi mikubwa sehemu ya kazi hiyo hufanywa na mashine inayozunguka bomba, kwa hiyo wanaotafutwa wengine ni wa kuisimamia mashine.

Kijana wetu hajawahi kushika kazi hiyo. Si aibu. Mkulima hodari wa pamba si lazima ajue kukuza vitunguu.

Wakala anayejua ufundi wa ujenzi angeyaona hayo ndani ya dakika kumi. Angeuliza: unachomelea kwa mashine gani? Vyuma vya unene gani? Umewahi kuchomelea bomba la presha? Una cheti? Una picha za kazi ulizofanya? Nani tumpigie simu akueleze? Halafu angesema, "Kwenye bomba hapana, lakini kuna mkandarasi anajenga maghala ya paa la chuma, huko unafaa." Huyo ndiye wakala wa kumtafuta. Yule anayesajili wafanyakazi wa ndani, walinzi, madereva na mafundi kwenye daftari moja, na swali lake la kwanza ni "una shilingi ngapi", huyo hata akiwa na kiti cha kuzunguka na kompyuta mbili, mpite.

Naona watu wanachanganya ufundi wote kama kitu kimoja. Mkandarasi hachanganyi. Kwake msuka nondo ni mtu mmoja, seremala wa kufunga mbao za kumwagia zege ni mwingine, mwashi wa tofali mwingine, wa vigae mwingine, fundi bomba na fundi umeme kila mmoja na lake. Anataka wasuka nondo ishirini Jumatatu asubuhi, maana zege linakuja Alhamisi, na akiletewa waashi ishirini kazi inalala. Hapo ndipo wakala wa fani anapopata riziki yake: anamwokolea mkandarasi muda. Na kwa kuwa anamwokolea muda, mkandarasi ndiye anayemlipa.

Hili la nani alipe linabishaniwa sana. Vijana huniambia, "Afisa, bila kutoa kitu hupati kitu." Nalijua hilo, naishi nchi hii hii. Lakini fikiria biashara yenyewe inavyokwenda. Wakala anayelipwa na mkandarasi anapata pesa fundi akifika kazini na kazi ikakubalika. Wakala anayelipwa na wewe amekwisha kupata pesa yake siku uliyomkabidhi. Yupi kati yao atahangaika ufike? Shirika la Kazi Duniani lilikwisha weka msimamo katika Mkataba wake Namba 181 wa mwaka 1997, kwamba wakala binafsi wa ajira asimtoze mfanyakazi ada, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka. Huko kuzunguka ndiko kuliko na ovaroli, fomu, "mafunzo ya siku moja" na "kushika nafasi". Gharama ambazo ni zako kweli ni zile za nyaraka zako mwenyewe, na hizo unazilipa serikalini kwa namba ya malipo na unapata risiti yenye jina lako. Hazipitii mfukoni mwa mtu.

Leseni nayo. Hakuna mkulima makini katika kata hii anayenunua mbegu ya mahindi bila kuangalia lebo ya TOSCI kwenye mfuko, tumelisema hilo mpaka tumechoka. Mbona tunampa mtoto kwa mtu asiye na lebo? Wakala binafsi anatakiwa kusajiliwa na kupewa leseni chini ya sheria ya huduma za ajira ya mwaka 1999. Mwambie akuonyeshe, usome jina la kampuni na tarehe ya mwisho, kisha uulize ofisi ya kazi ya mkoa au TaESA kama wanamjua. Cheti cha BRELA na leseni ya biashara ya halmashauri havitoshi. Hivyo hata muuza nguo anavyo.

Tena hao TaESA, ambao ni wa serikali, wanaandikisha watafuta kazi, na ningependa kijana aanzie huko kabla ya kwenda kwa mtu binafsi. Nitasema ukweli, wakati mwingine utasubiri. Lakini unasubiri ukiwa bado na maksai wako.

Swali jingine ambalo hatuulizi: mwajiri ni nani? Mwaka 2014 serikali ilitoa kanuni za mawakala binafsi na kuwazuia kugeuka waajiri wa watu wanaowatafutia kazi. Sababu ilikuwa wazi, wafanyakazi walikuwa wanafanya kazi kwenye kampuni moja huku mshahara unapitia kampuni nyingine inayomega njiani. Kwa hiyo mkataba ukiletwa, angalia jina la mwajiri. Kama ni jina la wakala badala ya mkandarasi, simama uulize. Angalia kazi iliyoandikwa ni "msuka nondo" au "kibarua", kwa sababu utalipwa kwa kile kilichoandikwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida 45 kwa wiki, za ziada zina malipo yake ya mara moja na nusu. Uliza nani anapeleka mchango wa NSSF, na kama mwajiri amesajiliwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Watu wanaanguka kwenye majukwaa. Nondo inatoboa mguu. Siku hiyo ikifika, tofauti kati ya kulipwa fidia na kurudishwa kijijini kwa bodaboda ni karatasi ambazo hukuziuliza siku ya kwanza.

Na uliza kazi inaisha lini. Kazi za ujenzi zina mwisho, hasa hizi za bomba na reli. Kundi la wachomeleaji likimaliza kipande chake linaondoka. Wakala wa fani atakwambia mapema, "hii ni miezi mitano, ukifanya vizuri jina lako linabaki kwangu kwa mradi unaofuata." Anayesema "ya kudumu" kuhusu mtaro unaofukiwa, huyo ama hajui ujenzi ama anajua sana pesa.

Kuhusu Uarabuni nitasema machache, maana wapo waliokwisha niletea fomu. Mafundi wa umeme, mabomba na vigae wanahitajika kule, hilo ni kweli. Lakini kama kwa ndani wakala mbaya anakula maksai, kwa nje anaweza kukula na wewe. Usipande ndege kwa viza ya matembezi ukiambiwa itabadilishwa ukifika. Mkataba wa Kiarabu uwe na nakala unayoielewa, nayo ibaki nyumbani kwa baba yako. Tuna balozi Muscat, Abu Dhabi, Doha, Riyadh na Kuwait. Wakala anayekataa mkataba wako upitie mikononi mwa serikali kabla ya safari amekwisha kukujibu.

Sasa ninyi wafanyabiashara wa senta. Wengi wenu ndio mnaokopesha pesa hizi, mnashika hati ya kimila ya shamba au magunia ya mpunga ambao haujavunwa. Sisemi msikopeshe. Nasema mkopo wa namna hii ni mbaya hata kwenu, kwa sababu kijana asipopata kazi mnabaki mnadai mzee asiye na maksai, na mzee asiye na maksai hana mavuno ya kukulipa. Ninyi pia wenye vibanda vya kutuma pesa kwa simu, ambao kwa bahati tunawaita mawakala vilevile, mnaona kila kitu. Mama mmoja wa senta yetu alikataa kumtumia mteja laki nane kwenda namba ya mtu binafsi kwa "ada ya ajira" mpaka mumewe aje. Walimnunia wiki nzima. Mimi nilimnunulia soda.

Wapo maafisa wenzangu wanaosema jibu ni vijana wabaki shambani. Sikubaliani nao. Nimeona shamba lililopata pampu ya umwagiliaji kwa sababu kaka mmoja alisuka nondo kwenye reli. Ekari tatu za wazazi hazigawanyiki kwa watoto saba. Kijana mwenye mkono wa ufundi aende, tena aende na karatasi. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi kwa mafundi waliojifunza mtaani: wanakupima kwa kazi unayoijua, wanakuziba pale ulipo na upungufu, unapata cheti bila kukaa darasani miaka miwili. Kwa fundi wa kijijini, cheti hicho kina faida kuliko "usajili" wowote wa wakala. Ndicho kitu cha kwanza wakala wa kweli atakachokuomba.

Yule kijana ameanza huko. Alipouliza kuhusu kuchomelea mabomba, akajibiwa kwamba hiyo ni hatua ya baadaye na inahitaji mazoezi mengi, akakubali. Kwa sasa anafunga mapaa ya chuma na fundi wa mjini, bila wakala yeyote. Kwa mshahara wa kwanza alimlipia baba yake kulimiwa ekari moja kwa maksai wa jirani, ikapandwa dengu.

Siku ya mnada huwa nipo ofisi ya kata hadi saa nane mchana. Mwenye fomu au mkataba wa wakala alioambiwa asaini aje nao, tuusome pamoja kabla ya ng'ombe kufika mnadani.